Kamera ya porini: kati ya picha na risasi kuna saa ngapi?

Ukimuuliza mtu wa kambi ya uwindaji kama kamera za kutegea, zile zinazofungwa mtini na kupiga picha zenyewe mnyama akipita, zizuiwe, jibu la kwanza ni kwamba kamera haiui mnyama. Ni kweli, na ni kulikwepa swali. Tochi nayo haiui. Gari nalo haliui. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, kuwinda kwa mwanga wa taa na kumpiga mnyama risasi ukiwa garini. Taa inampumbaza mnyama akasimama, na pua, masikio na miguu aliyopewa vinakuwa havimsaidii kitu. Kamera nayo ipimwe hivyo hivyo: inamnyang'anya mnyama nini, na inampa mwindaji nini ambacho hakukitolea jasho?

Kipimo ninachokitumia ni saa. Picha imepigwa saa ngapi, mwindaji ameiona saa ngapi, risasi imetoka saa ngapi. Zikiwa zimepita saa kumi na mbili, au siku mbili tatu, kamera imefanya kazi ya daftari. Zikiwa dakika ishirini, imefanya kazi ya mpelelezi aliyekaa mtini na simu mkononi.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanaokibishania hawajawahi kukifungua. Ndani kuna kihisi cha joto, lenzi, taa za mwanga usioonekana, nafasi ya memori kadi na betri, mara nyingi nane za AA. Kihisi hakimwoni mnyama. Kinachokiona ni tofauti ya joto inayosogea mbele yake. Ndiyo maana Oktoba mchana huku Tabora, ardhi ikiwa imechemka karibu sawa na ngozi ya nyati, kundi zima linaweza kupita usipate hata picha moja, halafu jani lililopigwa na jua likitikisika unapata picha mia nne za jani. Fyeka nyasi mbele ya lenzi hatua tano, na usifunge kamera kwenye mti mwembamba unaoyumba.

Elekeza lenzi kaskazini au kusini. Ukiielekeza mashariki au magharibi, jua linachomoza au kuzama ndani ya lenzi saa zile zile ambazo chui na nyati wanatembea. Urefu wa kufunga unategemea unayemtafuta: kwa chui na fisi njiani, sentimita 40 hadi 60 kutoka ardhini, kwa nyati na pofu, mita moja hivi. Umbali wa mita tatu hadi tano kutoka njia unatosha, na kamera ikae kwa pembe kidogo ili imkute mnyama anakuja, isije ikampata mkia tu.

Betri ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Betri za kawaida za dukani zikianza kuchoka, kinachokufa kwanza ni mwanga wa usiku, kwa sababu taa ndizo zinazovuta umeme mwingi kwa mpigo. Picha za mchana zinaendelea kuwa nzuri, za usiku zinakuwa giza tupu, na mtu anasema kamera imeharibika. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, nane zake zinafika volti 9.6 badala ya 12, na kamera nyingine inazikataa kabisa au inadai betri zimeisha wakati zimejaa. Za lithiamu zinadumu, ila bei yake si ya mchezo.

Halafu kuna tarehe. Kamera nyingi za bei nafuu zikitolewa betri zinasahau saa na tarehe, zinarudi mwaka ambao hata hukuwa na kamera. Mtu anabadilisha betri, anafunga mfuniko, anaondoka. Kuanzia hapo kila picha ina saa ya uongo, na kipimo changu chote kimeanguka. Dawa yake ni rahisi: kila ukifika kwenye kamera, kabla ya kufunga na kuondoka, iwekee simu yako mbele ya lenzi ikiwa inaonyesha saa na tarehe, ijipige. Hata ikisahau baadaye, una pa kuanzia hesabu.

Vingine vinavyoharibu ni vya porini kwetu. Moto wa miombo wa Juni hadi Agosti. Palilia duara la mita tatu kuzunguka mti. Fisi anatafuna mkanda na plastiki, kwa hiyo boksi la chuma si anasa. Tembo anaing'oa kwa udadisi tu. Sisimizi wanaingia kwenye tundu la kipaza sauti wanajenga. Mchanga kwenye raba ya mfuniko unaacha upenyo usioonekana kwa macho, na mvua ya kwanza ya Novemba inaingia yote.

Sasa turudi kwenye haki.

Marekani, ambako ubishi huu umefika mbali, neno lao la kumpa mnyama nafasi, "fair chase", lina umri mrefu. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, inasema mnyama awindwe akiwa huru, kwa njia isiyompa mwindaji faida isiyostahili juu yake. Klabu hiyo haipokei kwenye kumbukumbu zake mnyama aliyepatikana kwa msaada wa kamera inayotuma picha papo hapo. Majimbo yamekwenda mbali zaidi. Tume ya wanyamapori ya Arizona ilipiga kura Juni 2021 kukataza kamera kutumika katika kuwinda, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2022. Nevada inazizuia kwenye ardhi ya umma kuanzia 1 Agosti hadi 31 Desemba, na zile zinazotuma picha zinaanza kuzuiwa mapema zaidi, 1 Julai. Utah ilipitisha katazo lake Januari 2022 kwa kura 4 dhidi ya 3, kwa kipindi cha 31 Julai hadi 31 Desemba. Kura hiyo ya 4 kwa 3 inakuonyesha hata wenyewe hawakuwa kitu kimoja.

Ukiangalia majimbo hayo matatu kwenye ramani utaona yanafanana jambo moja: ni makavu. Maji yako sehemu chache zinazojulikana, na kila mnyama lazima afike. Kwenye birika moja la maji watu walikuwa wanafunga kamera juu ya kamera, na kila mwenye kamera anakuja kuisoma, mnyama mwenye kiu anasimama pembeni akisubiri magari yaondoke.

Sasa weka picha hiyo kwenye mto Ugalla mwezi Septemba na Oktoba. Mto unakatika, unabaki madimbwi. Viboko wanasongamana, mamba wanasongamana, na nyati, kuro, korongo na palahala wa kilomita nyingi kuzunguka hawana pengine pa kwenda. Ugalla yenyewe ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kwa hiyo ndani yake hakuna kuwinda tena, lakini hali ya maji haisomi mipaka. Ni ile ile kwenye mapori ya jirani, kwenye maeneo ya hifadhi ya jamii ya Ipole kule Sikonge na Uyumbu kule Urambo. Ukienda upande wa Kigoma, Moyowosi, mambo ni tofauti: kule ni mafunjo na mbuga zenye maji, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingia orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Kwa nzohe anayeishi ndani ya mafunjo, kamera haina la kusema. Utaifunga kwenye nini? Kwa hiyo nikisema izuiwe kwenye maji, nasemea madimbwi ya kiangazi. Bwawa kubwa au kinamasi siyo shida.

Kamera kwenye dimbwi inafanya nini hasa? Inakupa ratiba. Wiki mbili za picha zinakuonyesha kwamba kundi lile lenye dume mzee hunywa kila siku ya pili, kati ya 17:30 na 18:10, linaingia kwa upande wa mti mkubwa wa mtundu. Hapo hakuna tena cha kufuata. Unakaa upande ambao upepo hautakusaliti, unasubiri, basi.

Linganisha na kazi ya msoma nyayo. Anafika majini alfajiri, anazunguka dimbwi kwa miguu. Nyayo ya usiku uliopita ina kingo kali. Nyayo ya juzi kingo zimelainika na sisimizi wameshapita juu yake. Kinyesi anakigusa kwa mgongo wa kidole: kikiwa na unyevu unaong'aa na nzi ndio kwanza wanakusanyika, kundi haliko mbali; kikiwa na ganda juu na mbawakawa wa kinyesi wameanza kukitoboa, limepita zamani. Anaangalia nyasi iliyokanyagwa kama imeanza kuinuka. Anatoa kimfuko cha majivu, anakigonga, anaangalia vumbi linaelekea wapi. Kufika saa nne asubuhi upepo wa miombo unaanza kuzunguka, majivu yanakwenda huku, dakika tatu baadaye yanakwenda kule, na hapo ndipo nyati anaposhinda. Siku nyingi anashinda nyati. Kwangu mimi hiyo ndiyo haki yenyewe. Kamera ya dimbwini inaifuta asubuhi hiyo nzima, pamoja na ajira ya yule mwenye kimfuko cha majivu. Kijana asiyefundishwa kusoma nyayo kwa sababu kamera ipo hataweza kumfuata nyati aliyejeruhiwa, na nyati aliyejeruhiwa hapigwi picha.

Mpaka hapa mtu angedhani nataka kamera zote zipigwe marufuku kama Arizona. Sitaki, na sababu ni chui na simba.

Tanzania, chui na simba wanaoruhusiwa kuwindwa ni madume tu, na simba dume anatakiwa awe amefikisha umri wa miaka sita. Wote wawili huwindwa kwa chambo. Anayekaa kwenye kificho jioni, mwanga unakwisha, chui yuko juu ya tawi, ana sekunde chache za kuamua kama ni dume au jike kubwa. Makosa yalikuwa yanatokea pale, na risasi hairudi. Kamera kwenye chambo inahamisha uamuzi ule kutoka kwenye sekunde za giza kwenda kwenye meza ya kambi, ambako picha inaweza kukuzwa na watu watatu kubishana juu yake.

Namna inavyofanyika: paja la punda milia au swala pala mzima linafungwa kwa waya kwenye tawi lililolala, juu vya kutosha fisi asifikie, kiasi cha mita tatu. Linafunikwa matawi ya majani ili tai wasilione. Utumbo unaburutwa ardhini kutoka njia ya karibu hadi chini ya mti ili harufu imwongoze. Kamera zifungwe mbili, kila upande mmoja, usawa wa tawi, mita tatu hadi nne. Mbili kwa sababu madoa ya chui ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Ukiwa na upande mmoja tu unaweza kuhesabu chui mmoja mara mbili, au wawili ukawafanya mmoja. Zisitazamane uso kwa uso, maana mwanga wa moja utaichoma picha ya nyingine. Isogeze moja hatua moja na nusu pembeni.

Kwenye tawi funga vipande vya utepe kila baada ya sentimita 50. Bila kipimo hicho kila chui kwenye picha ni mkubwa. Dume utamjua kwa shingo nene, kichwa kipana na korodani, ambazo kwa paka ni ndogo na zimejificha chini ya mkia, kwa hiyo unahitaji angalau picha moja ya nyuma. Akiwa mzee, ngozi ya koo inaning'inia.

Simba ndiye mwenye mtego. Umri wake unasomwa kwa mambo mengi kwa pamoja: pua, ambayo kwa kijana ni ya waridi na inakuwa nyeusi kadiri anavyokua, hadi zaidi ya nusu kwa mtu mzima, manyoya ya shingo, makovu ya uso, meno. Sasa kamera ya usiku inapiga picha nyeusi na nyeupe. Pua iliyolowa damu ya chambo inaonekana nyeusi hata kama ni ya waridi. Na mwanga ule usioonekana unarudishwa na nywele nyeusi kuliko macho yetu yanavyodhani, hivyo manyoya meusi yanaweza kuonekana ya kijivu. Kwa chui mweusi mwanga huo huo hufichua madoa yake yote, ambayo mchana huyaoni. Kwa hiyo picha ya usiku isitumike kuamua umri wa simba. Isubiriwe ya mchana, kutoka mbele, mdomo ukiwa wazi ikiwezekana. Asiyekuwa na picha ya mchana hana picha.

Na saa? Chui akila usiku, kadi inasomwa saa tatu asubuhi, watu wanakaa kificho saa kumi jioni. Kati ya picha na risasi zimepita saa kumi na mbili au zaidi, na chui anarudi akitaka, asipotaka harudi. Wengi hawarudi. Hilo nalikubali.

Kamera yenye laini ya simu ndiyo inayovunja kipimo. Inatuma picha kwenye mtandao ndani ya dakika chache. Una vyambo sita, umekaa kambini unakunywa chai saa kumi na moja jioni, simu inalia: dume yuko namba nne. Unapanda gari. Unaacha gari mahali halali, unatembea halali, unapiga halali. Kila hatua iko sawa kisheria, na jumla yake ni kwamba mnyama aliuzwa na mashine.

Watetezi wake wana hoja moja nzuri, niwape haki yao: kamera inayotuma picha haihitaji kutembelewa kila siku, kwa hiyo harufu ya binadamu na kelele za gari zinapungua kwenye chambo. Ni kweli. Lakini usumbufu huo una dawa nyingine: soma kadi katikati ya asubuhi, mtu mmoja tu ashuke, gari lipite njia ile ile kila siku bila kuzimwa. Mnyama akisumbuka kidogo kwa sababu mwindaji amekuja kuhakikisha, hiyo ni sehemu ya mchezo na yeye amepata habari kwamba unamtafuta.

Wengine husema hoja hii haituhusu kwa sababu porini hakuna mtandao. Ilikuwa hivyo. Minara inasogea kila mwaka, pembezoni mwa Urambo na Sikonge unashika mtandao mahali ambapo zamani ulikuwa unapanda kichuguu, na intaneti ya setilaiti haijali mnara. Kinachotukinga kwa sasa ni bahati tu: kamera nyingi zinazoletwa na wageni zimetengenezwa kwa masafa ya mitandao ya kwao, zikifika hapa hazishiki kitu.

Kama ningeulizwa kuandika kanuni, ningeanza na hiyo: kamera yoyote ndani ya kitalu cha uwindaji wakati wa msimu isomwe kwa mkono, na yenye uwezo wa kutuma itolewe laini na antena kambini kabla ya Julai. Ya pili, hakuna kamera ya mwindaji kwenye dimbwi au mahali wanyama wanapolamba chumvi kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe. Ya tatu inawagusa watu wa vitalu na hawataipenda: picha zilizomtambulisha simba au chui, zikiwa na saa yake, ziambatane na nyara inapokaguliwa, pamoja na ile picha ya simu mbele ya lenzi. Kama saa haziko sawa, ni juu yako kueleza. Askari wa wanyamapori na watafiti wasiingizwe humo. Kamera inayotuma picha ya jangili saa nane za usiku ni kitu kingine kabisa, na ningependa ziwe nyingi zaidi.

Jambo la mwisho halihusu mnyama. Misitu hii ina watu. Warina asali wanaingia na vibali vyao kukagua mizinga ya magome, wanakaa wiki nzima, wanaoga mtoni. Kamera haichagui wa kumpiga. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mtu si ya kuchezewa na kurushwa kwenye kundi la kambi. Kwa vitendo: usifunge kamera kwenye njia inayoelekea mizinga au kwenye kivuko cha watu, kila kamera iwe na kibandiko cha Kiswahili chenye namba ya kitalu na mahali pa kulalamika, mkutano wa kijiji uambiwe ziko upande gani kabla hazijafungwa. Picha za watu zifutwe siku kadi inaposomwa, isipokuwa za mwenye bunduki au nyaya za mtego, hizo zikabidhiwe kwa askari na kadi yenyewe. Kamera nyingi zinazopotea kule haziibwi na majangili. Zinashushwa na mtu aliyekuta jicho linamtazama pale alipotundika nguo zake.